Gitaa la Mzee Sawa

Kwa miezi kumi na minne mpigachapa alikuwa na ugomvi na neno moja. Neno lenyewe ni fupi, herufi nne tu, na yeye mwenyewe alikuwa amelichapa mara zisizo na idadi kwenye vitabu vya watoto, kwenye matangazo na kwenye fomu za maombi, asione ubaya wake. Lakini likija kwenye simu yake peke yake, bila salamu wala nukta, lilimpandisha mori. Neno hilo ni bado.

Ugomvi ulihusu gitaa. Alikuwa ameagiza gitaa la besi kwa fundi wa mji mwingine, safari ya nusu siku kwa basi, na fundi aliahidi miezi sita. Mwezi wa sita ukaja ukapita, ukafuata wa nane, ukafuata wa kumi. Mpigachapa ni mtu ambaye hata ujumbe wa kuomba chumvi kwa jirani huupanga kama ukurasa wa kitabu, na hakuchoka kuandika. "Fundi, habari za kazi. Natumaini u mzima wa afya. Ningependa kufahamu, je, kazi yangu imefikia wapi?" Jibu: bado. Aliuliza kama mbao zimepatikana. Bado. Aliuliza kama ule ujumbe wa juzi ulifika. Bado. Siku moja, hasira zikiwa zimemfika kooni, aliandika: "Je, wewe ni mzima kweli?" Fundi akajibu, bado.

Mkata karatasi, mwenzake wa kazini, aliposomewa hilo alicheka mpaka ikabidi azime mashine yake, maana vidole ni kumi tu na havina akiba. Alisema huyo fundi ni mkweli kuliko wote aliowahi kuwasikia. Mpigachapa hakucheka. Aliviringisha simu ndani ya kitambaa chake cha kufutia wino na kurudi kwenye mashine.

Alikuwa na miaka hamsini na saba, mrefu, mwenye wino uliokataa kutoka kwenye mistari ya viganja. Kiwanda chao kilikuwa vyumba viwili nyuma ya duka la vifaa vya shule: chumba cha mbele meza, karatasi na kalenda za miaka iliyopita, chumba cha nyuma mashine mbili zinazopiga tangu asubuhi hadi jioni. Alianza kazi zama za herufi za risasi, zile zinazopangwa kwa mkono moja moja. Herufi hizo huwa zimegeuka, kama maandishi yanavyoonekana kwenye kioo, na mpangaji asiyeweza kuzisoma hivyo hivyo zilivyo hana kazi. Ilimchukua nusu mwaka kuzizoea. Baada ya hapo akawa hodari kupita kiasi. Barua ya kwanza aliyomwandikia msichana aliyekuja kuwa mkewe aliiandika yote kinyumenyume, na msichana akaisoma kwa kioo cha kupakia poda huku akisema huyu kijana ama ana akili nyingi ama hana kabisa. Hadi leo hajaamua.

Mashine za nyuma zilimlisha miaka thelathini na miwili na zikamla masikio. Hakuna aliyesema uongo kuhusu hilo: wote waliokaa chumba kile huzungumza kwa kupayuka. Zamani waliwahi kupewa pamba za kuziba, wakazivaa wiki moja, wakachekana, wakaziacha. Kwanza zilipotea sauti za ndege asubuhi. Kisha birika likawa linachemka kimya. Kisha maneno yakaanza kumfikia yakiwa na mapengo, na yeye kwa jicho la kazi yake aliyaona kama yamepangwa na mtu aliyeishiwa na herufi ya S kwenye kasha, halafu F, halafu CH. Alikwenda kwa daktari wa masikio peke yake, akifanya kama anakwenda kununua wino. Daktari alimwonyesha karatasi yenye mstari ulioshuka kama ngazi iliyovunjika. Alimwambia kwamba sauti nyembamba zimekwenda na hazirudi, na nzito ndizo zitakazokaa kwa muda. Alipouliza muda gani, daktari alisema hataki kumdanganya. Karatasi ile aliikunja mara nne akaificha ndani ya kamusi, kitabu ambacho nyumbani kwake hakuna mwingine anayekifungua.

Sasa mkewe alikuwa mshonaji, na alikuwa na sauti nzito. Tangu utotoni walimtania kwamba akipiga simu huitwa kaka. Hakuwahi kuimba mbele ya watu. Aliimba kwenye cherehani, nyimbo za zamani, mguu ukikanyaga na mdomo ukifuata, na mumewe kwa miaka yote ya ndoa alikuwa amekula chakula cha mchana cha siku za mapumziko akisikiliza sauti hiyo kutoka chumba cha pili. Ujanani mpigachapa alikuwa amepiga besi miaka minane kwenye bendi ya vijana wa kazini. Bendi ikafa, vyombo vikagawanywa, na alipooa hakuwa na kitu cha kushika. Kila mwaka alijiambia iko siku atapata besi, atakaa kando ya cherehani, ampigie mke wake chini ya ile sauti. Watoto wakaja, wakasoma, wakaondoka, na iko siku ikabaki pale pale. Ile karatasi ya daktari ndiyo iliyoigeuza kuwa jambo la haraka. Alitaka kuipiga besi hiyo wakati sauti ya mke wake ikiwa inamfikia bado. Hakumwambia mtu, na alipoulizwa kwa nini atake gitaa uzeeni alisema tu kwamba mikono inamwasha.

Magitaa ya dukani hayakumfaa. Ni ubao mtupu, na sauti yake hutokea kwenye kisanduku kilicho mbali. Yeye alitaka gitaa lenye tumbo wazi, nene, la kuliegemea, litetemeke mpaka lifike kwenye taya. Ndiyo maana akasafiri kwa fundi. Siku hiyo mambo yalikwenda vizuri. Karakana ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha kubwa, randa zimepangwa ukutani kwa ukubwa, sakafu imejaa maranda laini yanayomeza vishindo vya miguu. Fundi alikuwa mtu mfupi wa makamo ambaye humtazama mtu usoni anapozungumza, na mpigachapa alisikia karibu yote. Fundi alisema yeye hapimi mbao, anapima mtu. Alimpima mkono, kifua, urefu wa vidole. Akataka na picha, aone jinsi anavyolishika gitaa, maana kila mpigaji ana mkao wake. Mpigachapa, aliyekuwa ameambiwa mapema aje nayo, akampa ile moja tu aliyokuwa nayo, iliyotolewa ukutani: yeye na wenzake wa bendi, yeye akiwa na miaka ishirini na minne na nywele nyingi, na jina la bendi limepakwa rangi kwa herufi kubwa kwenye ngoma. Wakaagana kwa kushikana mikono.

Kisha zikaanza sauti. Fundi hakuwa mwandishi, alikuwa msemaji: alibonyeza simu, akazungumza, akatuma. Ujumbe wa kwanza wa sauti mpigachapa aliupeleka uani, akauweka sikioni, akausikiliza mpaka mwisho. Alichosikia ni mtu anayezungumza chini ya blanketi. Aliusikiliza tena, akapata neno moja, gundi. Angeweza kumpa mkewe amsikilizie. Angeweza hata kumwomba mkata karatasi. Lakini kumpa mtu simu na kusema nisikilizie ni kusema na lile lingine, na lile lingine alikuwa amelifungia kwenye kamusi. Basi akafanya wafanyavyo watu wenye aibu: akajibu kwa neno lisiloudhi mtu. Sawa.

Ujumbe wa pili ulipokuja, akajibu sawa. Wa tatu, sawa. Kwa fikra zake vilikuwa visingizio tu, na kisingizio hakihitaji jibu refu. Maswali yake ya maana aliyaandika, kwa nukta na mkato, na kwa hayo akapata bado. Mkewe akiuliza fundi anasemaje, alimjibu kwamba anasema bado, na hilo lilikuwa kweli.

Mwezi wa saba alipanda basi bila kutoa taarifa, amkamate fundi papo kwa papo. Alikuta kufuli. Fundi viatu wa jirani alimweleza jambo refu, akiwa ameinama na misumari mdomoni, na mpigachapa akaambulia kwamba mwenyewe hayupo wiki nzima. Alisimama mbele ya ule mlango, amevaa shati la safari, akatazama kwa upenyo wa dirisha mbao zilizoegemezwa ukutani, asijue ipi ni yake. Alirudi na basi lile lile. Jioni hiyo aliandika ujumbe wa aya nne, wa adabu na wenye miba, akamalizia kwa kuuliza kama huku ndiko kuheshimiana. Fundi akajibu, bado.

Hivyo ndivyo ilivyokwenda. Kila mmoja wa wale wawili alikuwa anajibu, wala hakuna siku hata moja waliyonyamaziana.

Mwezi wa kumi na nne, siku ya mapumziko, mpigachapa alikuwa sebuleni akisubiri chakula. Nyumba ilikuwa kimya, akadhani mkewe ametoka dukani. Aliinuka kwenda kuchukua maji na alipopita kwenye mlango wa chumba cha cherehani akamwona ameketi, mgongo umeelekea dirishani, kitambaa cha buluu mapajani. Mguu ulikuwa unakanyaga. Mdomo ulikuwa unatembea, na mpigachapa akadhani anatafuna kitu. Alitazama kwa muda mfupi. Kisha akaliona koo likipanda na kushuka, akaona jinsi anavyofumba macho mwisho wa mstari, na akaujua wimbo kwa macho. Hakusikia kitu. Alisogea hatua tatu, na hapo ndipo sauti ikamfikia, ya chini tu, nusu yake, kwa juu pakiwa patupu.

Aliogopa. Alikuwa ameogopa mambo mengi maishani, mashine, madeni, homa za watoto, lakini hofu hii ilikuwa nyingine kabisa. Alitoa simu mfukoni, akaiweka juu ya kitambaa cha buluu, akasema:

"Nisikilizie, mama. Mimi sisikii."

Mkewe alisimamisha mguu. Hakushangaa, na hilo ndilo lililomshangaza mumewe. Alimgeukia ili amwone uso mzima, akasema taratibu, "Najua. Mwaka wa tatu huu nazungumza nawe nikiwa nimekukabili. Ulidhani nimekupenda ghafla?"

Kumbe ndiyo maana alikuwa akigonga meza kabla ya kusema. Kumbe ndiyo maana redio ilihamia upande wa kiti chake. Mpigachapa akakaa kwenye kigoda cha wateja, na mkewe akaanza kuzifungua sauti za fundi, moja baada ya nyingine, tangu ya kwanza. Zilikuwa kumi na tisa. Alisikiliza, akasimamisha, akamrudishia mumewe uso kwa uso, na chini ya kila moja akamsomea alivyojibu.

Ya kwanza ilikuwa salamu na habari ya gundi. Katika ya tatu fundi aliuliza kama anataka nyuzi nne au tano. Sawa. Katika ya sita alisema ubao wa tumbo umepasuka ukikauka, kazi ya miezi miwili imepotea, je, azibe ufa au aanze upya na ubao mwingine? Sawa. Mkewe alianza kucheka, kisha akajizuia, kisha akashindwa, na mpigachapa naye akatabasamu kidogo bila kutaka.

Kwenye ya tisa mkewe hakucheka. Aliisikiliza mara mbili kabla ya kuisema. Fundi alikuwa na sauti ya kilio. Alisema, mzee wangu, dada yangu amefariki, yule aliyenilea, nafunga karakana wiki hii, tafadhali usije utasumbuka bure. Mkewe akatazama chini ya ujumbe na hakutaka kusoma.

"Nilijibuje?" aliuliza mpigachapa, ingawa alijua.

"Sawa," akasema mkewe.

Mtu amekwambia dada yake amekufa, nawe unamjibu sawa, halafu siku mbili baadaye unamwandikia aya nne kuhusu kuheshimiana. Mpigachapa alitaka mkewe aache, mkewe hakuacha.

Ya kumi na mbili ilihusu picha. Fundi alisema, na ilionekana ameshauliza hilo mara mbili kabla, kwamba pichani mzee anapiga kwa mkono wa kushoto, lakini siku ile alipokuja alimwona ameshika kalamu kwa kulia. Basi afuate picha, au afuate kalamu? "Nikifuata picha, niambie tu nifuate." Sawa. Mke na mume wakatazamana, kisha wote wawili wakatazama ukutani, mahali palipobaki msumari.

Ya mwisho ilikuwa ya siku tatu nyuma. Mkewe aliirudia neno kwa neno: "Mzee Sawa, nisamehe, hapa karakana ndivyo tunavyokuita. Gitaa limekwisha tangu mwezi uliopita, nimekwambia, hukuja. Kama umeghairi niambie, kuna mtu analipenda. Umeghairi?"

Mpigachapa hakungoja. Aliinyakua simu, akaona kwa macho yake neno lake mwenyewe limekaa pale chini, na nukta mbele yake, maana yeye huweka nukta hata kwenye neno moja. Mkewe akaipokonya na kupiga. Alizungumza kwa dakika chache, akitikisa kichwa, huku mumewe akiisoma midomo yake na kupata nusu. Alipokata alisema kwamba gitaa lipo. Yule mtu alikuja kulichukua na fundi akamzuia. Amesema hawezi kuuza kitu alichokipima kwenye kifua cha mtu mpaka amwone huyo mtu akikataa kwa kichwa.

Kesho yake mpigachapa aliomba ruhusa kazini, ya kwanza kwa miaka minne, na wakasafiri wote wawili. Njia nzima mkewe alimwachia kiti cha dirishani.

Fundi aliwapokea mlangoni. Alikuwa amepungua mwili. Mpigachapa alikuwa ametunga hotuba kwenye basi, yenye mwanzo, kati na mwisho, lakini alipomwona aliiacha yote. Alimshika mkono kwa mikono miwili akampa pole ya dada yake, akasema amechelewa miezi saba kuitoa na hana la kujitetea. Fundi alitazama pembeni. Alisema alikuwa ameumia, haoni sababu ya kuficha, lakini alijiambia mzee huyu huenda ni mtu wa maneno machache.

"Maneno machache," alisema mkewe. "Huyu?"

Gitaa lilikuwa juu ya benchi, limefunikwa shuka safi, na kwenye shuka fundi alikuwa amelichorea alama kwa chaki ili lisichanganywe na kazi nyingine: alama ya vyema, ile ya walimu. Alifunua. Lilikuwa nene, jeusi kidogo, la nyuzi nne, na mgongo wake wa juu umechongwa ukaingia ndani pale ambapo taya la mtu lingeegemea. Mpigachapa alilinyanyua, akalipakata, na mikono yake ikajua kabla yake. Shingo ya gitaa ilielekea kulia. Kila kitu kilikuwa upande usiokuwa wake. Fundi alikuwa amefuata picha.

Picha yenyewe ilikuwa imebandikwa juu ya benchi, imechafuka vumbi la mbao. Mpigachapa aliitazama, na utani wa zamani wa nyumbani kwake ukamrudia. Studio ilikuwa imechapa filamu upande wa nyuma. Vijana wote wa bendi walikuwa wamegeuka, saa ziko mikono ya kulia, na yeye akawa mtu wa mkono wa kushoto. Alicheka sana siku ile ya kwanza, akasema nitawafundisha kuchapa, kisha akaizoea, maana jicho lake halikuona tena tofauti kati ya herufi iliyogeuka na isiyogeuka.

"Lakini fundi," alisema, "si ungeona hapo kwenye ngoma? Jina la bendi lote limegeuka."

Fundi aliiangalia picha. Aliiangalia muda mrefu kuliko inavyohitajika, kisha akachukua kitambaa na kuanza kufuta randa iliyokuwa safi. "Niliona maandishi," akasema.

Mpigachapa alimtazama mtu huyu akifuta randa. Alizikumbuka zile bado zote, zilivyokuja pale tu alipomaliza kwa alama ya kuuliza, na jinsi ujumbe usio na alama hiyo haukujibiwa kamwe. Fundi aliifahamu ndoano ile peke yake. Akiiona anajua ameulizwa, na neno moja alilofundishwa kuandika analirudisha, akiomba Mungu liwe ndilo. Mpigachapa alijua jinsi mtu anavyoshika kitu mkononi ili asitazamwe usoni. Alikuwa ameshika simu hivyo hivyo, uani, mwaka mzima.

Kwa hiyo alisema picha ilikuwa hafifu, mtu yeyote asingeona. Kisha, kwa kuwa ni lazima mmoja wao asimame uchi kidogo ili mwingine apumue, akasema, "Kosa ni langu. Mimi ni kiziwi, fundi. Sikusikia hata ujumbe wako mmoja. Nilikuwa nasema sawa kwa aibu."

Mkono wa fundi ukasimama juu ya randa. Hakuungama lolote, na hakuna aliyemdai. Alivuta kigoda akakiweka mbele ya mpigachapa, akakaa, na tangu hapo akazungumza naye akiwa amemkabili, midomo wazi, kama aliyefanya hivyo siku zote. Alisema atalitengeneza jingine, la kulia, bila kumsumbua.

"Kwa muda gani?" aliuliza mkewe.

Fundi akafikiri. "Miezi sita."

Walicheka wote watatu mpaka fundi viatu akachungulia mlangoni. Mpigachapa alipofuta macho alisema hapana. Hakueleza kwamba hana miezi sita ya kuchezea. Alilitazama gitaa lililogeuka mapajani, na mkewe akamwinamia karibu.

"Ulijifunza kusoma kinyumenyume," alisema. "Utashindwa kupiga?"

Angeweza kushindwa. Vidole vyake vya kulia havikujua lolote la shingo ya gitaa, na vya kushoto havikuwahi kuvuta uzi. Lakini uzi mtupu haudai kubanwa. Alilaza taya pale palipochongwa kwa ajili yake, akavuta uzi ule mnene wa juu kwa kidole cha kushoto, kwa woga. Mlio haukuja kupitia sikioni. Ulipanda kwenye mbao, ukaingia mfupani, ukamjaa kichwa chote, mzito, bila pengo. Akauvuta tena. Ilikuwa miaka mingi tangu kitu kimfikie kizima namna hiyo, na machozi yalimtoka bila yeye kuyaita.

Mkewe alisikiliza mara tatu, akiitafuta noti. Kisha akaanza wimbo wa cherehani, kwa sauti ndogo, mbele ya mtu mgeni kwa mara ya kwanza maishani mwake. Mpigachapa alivuta uzi chini yake, taratibu, mahali panapostahili na mara nyingine mahali pasipostahili. Fundi alisimama karibu na dirisha, kitambaa begani.

Katikati ya ubeti mkewe aligeuza uso. Aliugeuza makusudi kabisa, akawapa kisogo, ili mumewe asipate midomo ya kusoma, na bila kuacha kuitazama barabara nje akauliza, "Unanisikia?"

Mpigachapa alikuwa ameinama, taya juu ya mbao, uzi ukiwa unatetemeka.

"Bado," alisema. Kisha akaona neno hilo peke yake halitoshi, akaongeza, "Bado nakusikia."